Kahawa ya Avit Isiyo na Punje

Bi Jovina aliomba kitu kimoja tu: watakaokuja kumzika watafune, kama ilivyo desturi yetu, kahawa ya kibanja chake cha migomba na mibuni, ile aliyoipanda marehemu mumewe hapa Kanazi. Hakuwa mtu wa kudai makubwa. Lakini ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umeshaingia, na mibuni yake ya robusta ilikuwa ikikauka mmoja baada ya mwingine.

Mwanawe, Avit, ni binamu yangu, na ukaidi amezaliwa nao. Bwana shamba alimletea miche mipya ya robusta inayostahimili ule ugonjwa. Akaikataa, eti si ya baba. Alitaka mche wenye damu ya miti ya baba na afya ya arabika, aina nyingine ya kahawa ambayo mnyauko wetu hauigusi. Akaenda Muleba kwa bodaboda, akarudi na matawi ya arabika yenye maua. Siku nzima alikuwa juu ya ngazi na unyoya wa kuku, akipaka chavua kwenye maua ya robusta na kuyafunga kwa vitambaa. Majirani walisema anaozesha miti.

Mimi nafundisha baiolojia, nikamwambia ukweli. Spishi, wanavyoieleza wanabaiolojia wengi, ni viumbe wanaozaliana, na watoto wao nao wakazaa. Arabika ina kromosomu mara mbili ya robusta. Mtoto wao, akipatikana, atarithi kromosomu zisizogawanyika sawasawa. Atachanua lakini hatazaa.

Akanikumbusha niliyowahi kumwambia mimi mwenyewe, kwamba zamani sana robusta ilikuwa mmoja wa wazazi wa arabika.

"Sasa, Klaudia, mtoto atakataliwaje kwao?"

Nilimweleza kwamba kromosomu za arabika zilipojirudufu, njia ya kurudi ilizibwa. Hakunisikia. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nikasema, nikamwacha.

Mbegu moja ikaota. Tukasubiri miaka, na katika miaka hiyo mbuni wa mwisho wa baba yake ukafa. Kisha mche wa Avit ukachanua, mweupe kabisa, harufu ikafika barabarani. Siku hiyo hata mimi niliomba niwe nimekosea.

Matunda yalikuwa machache. Aliyachemsha, akayaanika, akampelekea mama yake kitandani. Bi Jovina alitafuna polepole, akatema ganda kiganjani.

"Mwanangu, hii haina kitu ndani."

Avit alitoka akaketi kwenye migomba. Nilimfuata, nikaketi kando yake. Nilikuwa nimekata tamaa kama yeye, na kuwa nilisema kweli hakukunifaa kitu.

Mama yake tulimzika wakati wa masika. Kahawa ilinunuliwa sokoni Bukoba, na Avit mwenyewe ndiye aliyeizungusha kwa wageni katika kikapu kidogo. Mzee Buberwa, rafiki wa marehemu baba yake, alitafuna akafumba macho, akasema ladha ya kibanja hiki bado haijapotea.

"Hii ni ya sokoni, baba," Avit akamwambia, akasogea kwa mgeni mwingine.