Mkanda Mweusi wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa hajakanyaga ukumbi wa karate miaka kumi na sita, lakini hakuna mteja aliyepimwa suruali bila kusimuliwa habari za mkanda wake mweusi. Jumamosi, alipoamua kurudi ukumbini anakojifunza bintiye, aliuunga kipande cha kitambaa ili uzunguke kitambi, akaanza kujikumbusha mapigo sebuleni.

"Baba, hapo unageukia kulia," bintiye akamwambia.

"Tangu lini mkanda wa njano ukamfundisha mweusi?"

Ukumbini mwalimu akamweka mbele, maana mwenye mkanda wa juu ndiye anayefuatwa na wote. Walipofika pale pale alipokosolewa na bintiye, akageukia kushoto. Wanafunzi wote, kwa heshima, wakageuka naye. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Akatupa jicho nyuma. Bintiye naye alikuwa amegeukia kushoto, macho sakafuni.