Matanuri Sita, Wanawake Tisa

Siwapendi wanawake ninaokausha nao samaki, wala wao hawanipendi. Kwa sababu hiyo hiyo walinichagua niwe mgawaji wao. Mjukuu wangu, anayeniandikia maneno haya, ameinua kalamu na kuniuliza kama kweli nataka kuanza hivyo. Nataka. Sikusoma hata siku moja, lakini nimesikiliza hotuba nyingi, na iliyoanza kwa kujipendekeza haikupata kuniambia ukweli.

Tuko tisa pale mwaloni Ggaba, ufukweni mwa ziwa ambapo boti za uvuvi hushusha samaki. Boti likitia nanga na sangara wake, mwenye boti hauzi mmoja mmoja. Huuza shehena yote kwa mkupuo, na hakuna hata mmoja wetu awezaye kuinunua peke yake. Kwa hiyo hununua tisa, na wakisha kununua hawana budi kugawana. Samaki hawalingani. Mnaweza kupanga mafungu tisa juu ya ubao tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na bado kila jicho litaona kwamba fungu la mwenzake limenona zaidi.

Njia ya kugawa niliwaletea mimi. Niliiona kaskazini, kwa baba yangu, kabla sijaolewa na askari na kuletwa kambini Kampala, ambako ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki. Baba alipochinja ng'ombe, nyama ilipangwa mafungu juu ya majani. Mtu mmoja aligeuka akatazama ukuta wa ghala. Mwingine aligusa fungu kwa kijiti akauliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka akataja mtu. Hakuona analompa, na aliyeona hakuchagua wa kumpa. Mkono wa mmoja na ulimi wa mwingine vilifanya kazi bila kujuana, na watu wakala bila kununiana.

Pale mwaloni mwenye kugeuka nilikuwa mimi. Mwenye kijiti alikuwa mke wa mwanangu, ambaye ni mama wa huyu anayeniandikia. Hana tanuri lake la kukaushia samaki kwa moshi kama sisi tisa, hufanya kazi kwenye langu. Kwa miaka mingi nilisimama nimelikabili ziwa, nyuma yangu kijiti kikagonga ubao, ko, na sauti yake ikauliza, nami nikajibu: la mjane wa polisi, la mama pacha, la yule wa dukani, langu, la Mkenya. Niliwaita kwa sifa zao, na hapa pia sitataja jina la mtu. Hakuna aliyewahi kulalamika. Walisema, wakiniita jaja, yaani nyanya kwa Kiganda, "Jaja hatuonei, maana hatupendi sote sawasawa." Niliyasikia maneno hayo na kuyavaa kama joho.

Huyo Mkenya sasa. Alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka na Biblia, daftari, na Kiswahili chepesi kilichomtangulia kila mahali. Hakumaliza mwaka kabla ya kusema mbele ya wote kwamba mgawo uandikwe kwenye karatasi.

"Karatasi haisahau, jaja," aliniambia.

"Haisahau, lakini pia haioni haya," nikamjibu.

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. Akaongeza, kwa ile sauti ya adabu iliyo mbaya kuliko tusi, "Ni kwamba tu mtu asiyesoma tunamwachiaje mali ya watu tisa?" Tangu siku hiyo nilimchukia kwa ukamilifu. Nilipomkuta njiani nilivuka upande wa pili, hata kama kulikuwa na tope.

Kisha ziwa likapanda. Halikupanda kwa fujo. Lilikuja kama mgeni asiyebisha hodi, kila asubuhi limesogea hatua moja, mpaka matanuri matatu ya upande wa chini yakawa na maji mpaka mdomoni. Tulibaki na sita. Langu lilikuwa kavu. La Mkenya lilikuwa limezama, na la mjane wa polisi, na la mama pacha.

Anayejua kazi hii anajua maana yake. Asiye na tanuri huuza samaki mbichi, na samaki mbichi ambaye hajapata mnunuzi kabla ya adhuhuri ni wa kutupa. Kujenga upya kwenye ardhi ya juu kungesubiri maji yatulie, na maji hayamwambii mtu siku yake.

Wenye matanuri makavu walinyamaza, kila mmoja akijifanya yuko kazini. Mimi ndiye niliyesema, "Boti hununuliwa na tisa. Watatu wakiondoka, sita hatuwezi. Basi matanuri yote yatiwe pamoja, makavu na yaliyozama, yagawiwe upya." Nisifiwe kwa hilo au nisisifiwe, nililisema, na langu likiwa kavu.

"Banange!" akapiga kelele yule wa dukani. "Jaja, moshi umekuingia kichwani? Mimi niliyejenga kwa mikono yangu nigawiwe maji?"

"Ulijenga kwa mikono yako, ukanunua samaki kwa mikono yetu," nikamwambia. "Chagua mkono."

Walikubali kwa shingo upande. Likabaki swali la njia. Mkenya alikuja na ndoo na vikaratasi vilivyokunjwa: kila mtu atie mkono, atoe chake. Mimi nikasema tufanye kama siku zote. Tukaamua kwa mistari, kama tunavyomchagua mwenyekiti wa mtaa: anayetaka ndoo asimame nyuma ya ndoo, anayenitaka mimi asimame nyuma yangu. Nyuma ya ndoo alisimama Mkenya na mama pacha. Waliobaki walikuwa nyuma yangu. Niliwasikia wakipumua kisogoni mwangu, nikamtazama mwenye ndoo yake usoni, wala sitasema kwamba sikufurahi.

Kutoka kila tanuri tulimega kipande cha tofali. Kila mmoja alivijua vipande hivyo kwa kuvitazama, vitatu vikiwa bado vinavuja maji. Vikapangwa juu ya ubao. Nikageuka kulikabili ziwa.

Ko. "Hiki cha nani?"

"Cha yule wa dukani." Nyuma yangu akapiga kigelegele. Amepata kavu.

Ko-ko. "Hiki cha nani?"

"Cha mjane wa polisi." Kimya.

Ko. Nikataja mwingine, akacheka kwa sauti. Ko-ko. Nikamtaja mama pacha, akasema tu, "Haya."

Msomaji ameshajua nililojua wakati ule, pengine kabla yangu. Kwenye samaki tulikuwa tunataja mafungu yote tisa mpaka mwisho, ndipo nigeuke. Hakuna aliyepiga kelele katikati. Siku hiyo kwa mara ya kwanza jibu la watu lilifuata papo hapo mlio wa kijiti. Pigo moja, furaha. Mapigo mawili, kimya. Masikio yangu yaliweka mambo hayo mawili pamoja bila kuniomba ruhusa.

Ko-ko.

"Hiki cha nani?"

Kilikuwa kipande cha mwisho cha majini. Majina yaliyobaki yalikuwa matano: langu, la Mkenya, na mengine matatu. Haki ilikuwa imekwisha kufa, kwa kuwa jina lolote ambalo ningetaja sasa ningekuwa nimelichagua kwa macho. Lililobaki kufanya lilikuwa moja: kugeuka na kusema mgawo umeharibika. Nililijua. Niliyatazama maji, na magugu yanayoelea, na boti moja lililokuwa likitolewa maji kwa kopo. Ulimi wangu ukafanya uliyoyataka.

"Cha Mkenya."

Nilimaliza kutaja waliobaki, nikajipa kavu pamoja nao, kisha nikageuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, na baadhi yalikuwa mazuri. Mkenya alikuwa amekiinua kipande chake na kukishika kiganjani, maji yakimtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Sikuitaka njia hii," alisema. "Lakini kama ni wewe umeita, jaja, basi. Ubaya wako naujua. Wizi si wako."

Akaenda kukusanya nyavu zake za chuma za kubanikia samaki. Wala hakunitazama vibaya. Ningempa tanuri zima wakati ule kama angenitukana.

Nyumbani nilimkuta mke wa mwanangu akisugua sufuria uani. Nilisimama juu yake.

"Kile kijiti," nikasema.

Aliendelea kusugua. "Kijiti gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Unagonga mara mbili kwenye kibaya."

Mkono ukasimama. "Nilikuwa nakulinda."

"Leo?"

Alimwaga maji ya sufuria.

"Nimekuuliza: leo tu?"

"Tangu nianze kushika kijiti," akasema. "Kwa samaki pia. Nilidhani unajua, mama. Hukuwahi kujitaja kwenye mapigo mawili. Hata siku moja! Nikasema, mama anasikia, na mama ananyamaza, basi ndivyo anavyotaka."

Nilitaka kumpiga. Mkono wangu ulikuwa bado na nguvu. Lakini nilikuwa nahesabu mafungu ya miaka yote, yale ya sangara wenye mgongo mpana niliyoyapeleka kwenye tanuri langu nikisema Mungu humwona mjane kama mimi. Sikujua? Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandikiwa. Ubao ulikuwa nyuma yangu, lakini masikio hayageuzwi ukutani. Mtu anaweza kusikia jambo kwa miaka mingi na kujizuia asilifahamu, kwa sababu linamlisha.

Kalamu imesimama. Andika. Ni mama yako, najua. Na mimi ni nyanya yako, na sangara wale wewe pia uliwala.

Siku iliyofuata niliwaita wote mbele ya ubao. Niliwaambia kila kitu, nikiwa nimesimama, bila kuomba msamaha, kwa kuwa msamaha ungekuwa njia ya kuwataka wanibebee mzigo. Mke wa mwanangu alisimama kando yangu akiwa amejifunika uso kwa kitenge. Sikumruhusu abaki nyumbani.

"Mgawo ni batili," nikamaliza. "Tugawe tena. Kwa ndoo."

Nilidhani nimekamilisha jambo gumu. Kumbe yule wa dukani alikuwa ameshaweka mikono kiunoni. "Nani agawe tena? Mimi sikugonga kijiti. Mimi sikuita. Nimepata changu nikiwa nimefunga mdomo, leo mnataka nirudi majini kwa dhambi ya jaja? Tupange mistari!"

Tukapanga mistari. Upande wa kugawa upya alisimama Mkenya, mjane wa polisi, mama pacha, na mimi. Wanne. Upande wa kuacha mambo kama yalivyo walisimama watano, wote wenye matanuri makavu, wote wamenyoosha migongo kama watu waliotendewa haki. Walikuwa wengi kuliko sisi. Wakashinda. Hiyo nayo ni kanuni yetu, na ni mimi niliyeisifu pale iliponipendelea.

"Basi," akasema Mkenya. Alikuwa mwepesi wa neno hilo.

"Basi nini?" nikamgeukia. "Unaondoka na basi lako uende wapi? Tanuri langu lina pande mbili. Utachukua upande wa mashariki."

"Sihitaji huruma yako, jaja."

"Huruma ninayo ya nani? Upande wa mashariki moshi wake ni mbaya. Utakohoa."

Akauliza, "Na kuni?"

"Leo mimi nazigawa mafungu mawili, wewe unachagua. Kesho wewe unagawa, mimi nachagua."

"Na majivu? Nani anazoa?"

"Aliyechelewa kuondoka."

Mjane wa polisi na mama pacha sikuwa na la kuwapa. Wao niliwataja kabla masikio yangu hayajafahamu. Au ndivyo ninavyosema. Mama pacha bado anauza mbichi, na akinipita hutazama miguu yangu badala ya uso. Ni haki yake. Mke wa mwanangu hatashika kijiti tena, wala mimi sitageuza mgongo tena.

Tumekuwa pamoja kwenye tanuri hilo kwa misimu miwili. Hatujapatana. Anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani tangu asubuhi, nami huwaambia samaki wangu wamsamehe. Tunagombana kuhusu majivu kila siku ya kazi. Kuni hatujagombana hata mara moja: anayegawa hugawa kwa woga wa jicho la mwenzake.

Samaki sasa hugawiwa kwa ndoo. Mkenya huandika namba za mafungu kwenye vikaratasi, na huandika maneno kamili, kwa kuwa tarakimu ya sita ikigeuzwa huwa tisa na watu wangeua mtu. Kila mmoja hutia mkono na kutoa chake. Wengine husoma wenyewe. Mimi hunisomea yeye, maana mwingine hakuna anayekubali kusimama karibu nami.

Mara ya kwanza alikikunjua kikaratasi changu, akakisogeza mbali na moshi.

"Tisa, jaja."

Fungu la tisa lilikuwa la wadogo, wale ambao mtu huwapa paka akiwa na furaha. Fungu la tatu, zuri kuliko yote, lilikuwa bado halijachukuliwa, naye alikuwa bado hajatoa chake.

"Soma tena."

"Tisa."

Nilikichukua kikaratasi mkononi mwake, nikakifunga kwenye ncha ya kitenge, nikabeba wadogo wangu. Jioni nilimpa mjukuu wangu akisome, bila kumwambia nililoambiwa.

"Tisa, nyanya," akasema.

Mkenya alikuwa amenisomea kweli, nami nilikasirika mpaka nikakosa hamu ya chakula.