Jino la Nyama

Jirani yangu hapa Kaloleni hali nyama bila kuhubiri. Hugonga jino lake la chonge kwa ukucha na kuniambia, "Mama Elsie, jino hili Mungu hakulitengeneza kwa ajili ya sukuma wiki. Kula nyama ni asili ya binadamu." Hayo ananiambia mimi, niliyeacha nyama mwaka wa tatu sasa, huku akifyonza mfupa mpaka unapiga mluzi. Lakini wageni wake wakija na jogoo akafungwa pale bombani, anayebisha kwangu ni yeye, kisu amekishika kwa vidole viwili. "Nichinjie, mama. Leo mkono unaniuma." Miaka sita mkono unauma siku ya jogoo tu.

Jumamosi nilichoka. Nikamwambia, "Asili ni yako, chinja mwenyewe." Alichuchumaa mbele ya yule jogoo, akamlaza manyoya kwa kiganja, akamnong'oneza "Pole, bwana" mara tatu, kisha akamchinja huku amefumba macho. Mezani wageni walisifu mchuzi. Yeye alisukuma bakuli la nyama upande wao, akamega ugali kwa sukuma. "Jino linaniuma," akasema, akishika lile lile analonihubiria.