Kati ya Anapona na Amepona

Jumapili niliyosimama kanisani nikatangaza kwamba mume wangu amepona naikumbuka vizuri, mwanangu, hata rangi ya kitambaa nilichojifunga kichwani. Kilikuwa cha buluu. Kanisa letu la Kaptembwo lilikuwa la mabati wakati huo, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, watu walikwangua matope viatuni kabla ya kuingia. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Nilisimama kabla hajamaliza kuuliza.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amen," wakajibu.

"Bwana asifiwe tena. Mmemjua mume wangu Barasa akiwa mgonjwa wa kifua. Leo nasema Bwana amemponya. Amepona."

Vigelegele vikapigwa. Barasa alikuwa ameketi upande wa wanaume, mtoto wetu mdogo magotini, akainamisha kichwa. Nilidhani anasali. Miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa akizuia kikohozi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Barasa alibeba magunia katika kiwanda cha unga, na nguvu zake ndizo zilizotulisha sisi wanne: yeye, mimi, Nekesa wa miaka mitano na Wafula ambaye hakuwa ameanza kutembea. Kwanza alikohoa. Kisha suruali zikaanza kumlegea, akawa anafunga mshipi kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Kliniki walipima makohozi wakasema ni kifua kikuu, na kwamba atameza dawa miezi minane bila kuruka siku. Dawa zile ziligeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa. Barasa alicheka akasema, "Hata nikifa, hiki choo cha wapangaji wa ploti kitanikumbuka."

Watu wa kanisa walituombea, na siwezi kuwasema vibaya. Walikuja nyumbani, walileta sukuma wiki, walimshika Barasa mkono wakati wengine walikuwa wakimsalimia wakiwa mlangoni. Baada ya miezi miwili kikohozi kikapungua. Akaanza kuongeza ugali. Mimi nilikuwa katibu wa kina mama, mtu wa kuandika kila kitu kwa utaratibu, na Barasa alikuwa akinitania kwa kuniita Karani. Baada ya ushuhuda wangu nilifungua kitabu cha kanisa, kwenye ukurasa wa maombi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Ndugu Barasa amepona.

Mwanangu, sikukusudia kudanganya. Nilitaka jambo hilo liwe kweli, nikaona nikilisema kwa nguvu litakuwa. Tulikuwa tumezoea kuambiana tukiri uponyaji kabla hatujauona. Hakuna aliyetuambia tuache dawa. Hilo niliongeza mimi.

Jumatatu ilikuwa siku ya Barasa kuchukua vidonge vya mwezi. Ile kliniki ilikuwa kando ya barabara ambayo nusu ya kanisa hupita ikienda mjini. Alivaa koti, akakaa kitandani, hakuondoka.

"Wakiniona kwenye laini ya dawa watasema nini?" aliniuliza. "Wewe umeshasimama mbele ya watu."

Nikamjibu, "Basi usiende. Ukienda tutakuwa tumemkana Mungu."

Hayo yalikuwa maneno yangu, na sijawahi kumpa mtu mwingine lawama yake.

Wiki nne hakumeza chochote. Wiki ya tano kikohozi kilirudi, na safari hii kulikuwa na damu kwenye leso. Niliifua mwenyewe nikaianika ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, ili majirani wasiione kwenye kamba.

Aliyeiona ni Mama Wangari. Alikuwa mzee wa kanisa, mwanamke mrefu aliyeletewa maziwa na mwanawe kutoka shamba lao la Dundori, naye akiyapeleka nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Alinimiminia nusu lita kwenye sufuria. Alipokuwa akigeuka kutoka, mlango ukasogea.

"Hii leso mbona umeanika kwa giza?" akauliza.

Aliitazama ile leso, ambayo doa lake halikuwa limetoka lote, kisha akamtazama Barasa aliyelala ameelekea ukutani. Akaweka mtungi wake chini.

"Lete ile kitabu ya kanisa."

Nikakileta. Akavuta stuli akakaa, akaweka kidole chini ya mstari wangu.

"Soma."

"Ndugu Barasa amepona."

"Nani alikuambia amepona? Sista wa kliniki?"

"Tuliamini, Mama."

"Sikuulizi mliamini nini. Hata mimi naamini. Nauliza nani alimpima."

Wafula alikuwa akitambaa kuelekea kwenye mtungi wa maziwa, nikamwinua ili nipate cha kufanya na mikono yangu.

"Mungu anafanya kazi yake," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe umeimalizia na kalamu. Toa hii 'me', weka 'na'. Andika anapona. Na hata hiyo usiandike leo. Andika akishameza dawa."

Kutoka kitandani Barasa alisema, bila kugeuka, "Leo Karani amesahihishwa," na kicheko chake kikageuka kikohozi kilichomchukua muda mrefu.

Tulikwenda kliniki asubuhi hiyohiyo. Nilitangulia mimi, mtoto mgongoni, na nilipita mbele ya kila duka la watu wa kanisa nikiwasalimia kwa majina, kwa sababu nilijua nikianza kujificha tena nitarudi nyumbani. Kliniki, sista alifungua kadi ya Barasa akaona mwezi mtupu.

"Mlipotelea wapi?"

Barasa akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Ni mimi nilimzuia."

Akaandika kwenye kadi. Alituambia tutaanza upya, miezi minane mingine, na safari hii kutakuwa na sindano kila siku kwa miezi miwili ya kwanza. Akaagiza watoto nao wapimwe. Wafula alipewa dawa ya kumkinga. Nilimbeba hadi nyumbani nikihesabu kila pumzi yake shingoni mwangu. Uzito wa neno nililoandika niliujua kwenye barabara ile.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena.

"Bwana asifiwe," nikasema. Wakajibu. "Bwana asifiwe tena. Nilisimama hapa nikasema mume wangu amepona. Hakuwa amepona. Aliacha dawa kwa ajili ya maneno yangu, na ugonjwa umerudi. Kesho anaanza sindano. Nawaomba mumwombee, na mkimwona kwenye laini ya kliniki, msalimieni."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nyuma yangu mwanamke mmoja alinong'ona, "Imani imeisha." Ndipo Mama Wangari alipouliza kutoka kitini kwake, kama mtu anayeuliza nani ataleta viti, "Nani anaenda na Barasa kesho?" Fundi viatu akainua mkono. Mzee mmoja wa kwaya akasema yeye atamchukua Jumanne. Hata yule aliyenong'ona alikuja wiki ya pili na kibuyu cha uji. Nikaupokea, tukanywa.

Miezi ile haikuwa rahisi, na sitakupambia. Sindano zilimfanya Barasa apate kizunguzungu. Kiwandani walimpa mtu mwingine nafasi yake, nikafua nguo za watu. Kila asubuhi tulizunguka meza, vidonge juu ya kisosi katikati, tukasali. Siku alipomeza vya kwanza nilifungua kitabu cha kanisa, nikakata "me" nikaandika "na". Barasa alijiwekea sheria: hamezi kabla ya "amina", na hatoki mezani baada ya "amina" bila kumeza. Siku nyingine sala yangu ilikuwa maneno mawili tu: "Tupo, Bwana." Sikuwa na mengine. Tulisali hivyo hivyo, akameza.

Mwisho wa mwezi wa nane wa dawa walipima makohozi mara ya mwisho. Barasa alirudi na karatasi ameikunja mfukoni. Alichukua kitabu cha kanisa juu ya kabati, akafungua ukurasa ule, akanipa kalamu.

"Karani," akasema, "sasa andika."

Nilikata "na" nikaandika "me". Kitabu kile bado kipo, na mikato yangu inaonekana.

Nimekuandikia haya kwa sababu juzi kijana wa kanisa letu alinionyesha ujumbe aliotuma kwenye kundi la simu: mke wangu amepona figo. Nikamuuliza siku ya mkewe ya kusafishwa damu kwa mashine ni lini. Akatazama simu. Barasa, ambaye sasa hupanda kilima chetu akipumzika mara mbili, alisimama akachukua koti lake. "Twende nikusindikize nyumbani," akamwambia. Kesho yake walimpeleka mke wa kijana yule hospitali, wawili wakimshika.

Basi shika hili, mwanangu. Omba kila siku, na siku hiyohiyo umpeleke mgonjwa wako anakotakiwa kufika. Usimfanye aonee haya ugonjwa ili imani yako ionekane kubwa. Ukikosea mbele ya watu, rudi usimame pale pale usahihishe, kabla kosa lako halijakaa kwenye kifua cha mwingine. Wakikuuliza hali, jibu kwa ukweli wa siku hiyo.

Mungu akuimarishe magoti siku utakayotakiwa kusimama. Akupe watu wa kukusindikiza kliniki. Akupe uvumilivu wa kuandika anapona, asubuhi baada ya asubuhi, na akufikishe, wewe na nyumba yako, kwenye siku ya kubadilisha zile herufi mbili.