Hoteli Tuliyokataa Kuipata

Juzi wanangu walinikalisha sebuleni wakanipa simu, wakasema nichague hoteli ya likizo ya baharini. Wameshachuja, zimebaki tatu, na sharti lao ni moja tu: iwe na bwawa la kuogelea la ndani. Nikawauliza, mtu anasafiri kutwa nzima kutoka Arusha, bahari yote ile imekaa pale haina kiingilio, halafu aende kuoga maji yaliyofungiwa chumbani? Wakacheka. Hawakujua kwamba swali hilo si langu. Nililisikia nikiwa darasa la sita, kwetu Sokon, Arusha mjini. Aliyeuliza alikuwa mama, na aliyelitaka hilo bwawa alikuwa bibi yangu mzaa baba, mwanamke wa Nkoaranga, juu mlimani Meru, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya mfereji siku ya zamu yake ya kumwagilia.

Ngoja nikusimulie wewe, maana wao walisharudi kwenye simu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Unaikumbuka. Sabuni za kunukia zilirudi madukani, na watu waliozoea kupanga foleni wakawa hawajui wasimame wapi. Mama alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba. Baba alifuata bidhaa Namanga mpakani, akirudi mwisho wa wiki akinuka vumbi na biskuti. Mjini, kila mwenye Land Rover na kopo la rangi ya kuandikia mlangoni alikuwa na kampuni ya utalii. Na huko mlimani wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda na mizani zao na pesa mkononi, wakinunua barazani kwa mtu. Bibi aliwasubiri kwa hamu ya mtu anayesubiri ugomvi. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa bei ya kahawa yake; hakuwahi kuibishia.

Basi mwishoni mwa masika akateleza. Njia ya kwenda kwake ilikuwa mteremko mtupu kati ya migomba, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unakuwa kama umepakwa sabuni. Alianguka na mkungu kichwani. Ndizi zilisalimika, alipenda kusema, kilichovunjika ni mguu tu. Vijana walimbeba hadi hospitali, akafungwa hogo, ile plasta ngumu, na daktari akatoa amri moja: mguu huu usikanyage mteremko mpaka mfupa uunge. Akiharakisha, utaunga upande, na atatembelea magongo siku zake zote zilizobaki. Kwa vile hapakuwa na njia nyingine ya kufika kwake, akaletwa kwetu mjini, kwenye ardhi tambarare.

Alikuja kwa sura ya mtu aliyepelekwa polisi. Kila asubuhi alikunja blanketi, akafunga kifurushi chake cha kanga, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri kurudishwa. Mwezi wa saba kahawa inaanza kuiva, alisema. Nani atachuma? Nani atabishana na wenye mizani? Alikuwepo shemeji yake, mdogo wa marehemu babu, lakini huyo angemuuzia yeyote kwa bei yoyote mradi ameamkiwa vizuri. Baba alijaribu kumkataza kuondoka mara moja tu. Akaulizwa ni nani aliyemfundisha kutembea. Na mama angesema nini? Huwezi kumwamuru mama mkwe. Kwa hiyo kila siku tuliamka tukijua kwamba leo huenda ndiyo siku atakayosimamisha gari la mtu yeyote barabarani, apande mlima wake, na mguu upotee.

Sasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa dereva wa watalii, Mkatoliki wa Kibosho, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa akimletea mama vipeperushi vya hoteli vilivyozagaa ofisini kwao, akidhani vitafaa kufungia karanga. Havikufaa. Karatasi ile inang'aa mno, ukiikunja inajikunjua yenyewe, karanga zote chini. Mama, ambaye hakuwahi kutupa kitu, alivirundika chini ya kochi.

Jioni moja ya baridi, ukungu wa Meru umeshuka mpaka mlangoni na umeme uko kwenye mgao, tulikuwa tumezunguka jiko la mkaa. Bibi akainama kutafuta fimbo yake, akaibuka na kipeperushi. Akauliza yale maji ya buluu ni ya wapi.

Hapo ndipo nilipojua mama alizaliwa kuwa mfanyabiashara. Bila kupepesa macho akasema hiyo ni bahari, na hogo likitoka tutakwenda sote mwezi wa kumi na mbili, bibi akaunyooshe mguu kwenye maji ya chumvi. Kilichobaki ni kuchagua hoteli. Bahati mbaya, kazi ya kuchagua haiwezi kufanyikia mlimani, kwa sababu vipeperushi viko huku.

Uelewe uzito wa jambo hilo. Kwetu, Krismasi unapanda nyumbani. Mtu mwenye kwao kwenda kulipia kitanda siku ya Krismasi ni karibu na tusi. Nilitegemea bibi acheke au akasirike. Yeye aliitazama picha muda mrefu, akaiweka gotini, akaingia kwenye biashara.

"Nitakaa mpaka tupate hoteli," akasema. "Siku tukiipata, mnanipandisha kwangu jioni hiyo hiyo. Mguu upende usipende."

"Tumekubaliana, Mama," mama akajibu, na chini ya kanga akanifinya paja. Nikaelewa. Hoteli hiyo ilikuwa haitakiwi ipatikane.

Ndivyo zilivyoanza jioni zile. Tukishakula loshoro, yale mahindi na ndizi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, mama aliweka ndizi nyingine juu ya jiko zichomwe polepole, na mimi nikasoma. Vipeperushi viliandikwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, kwa hiyo palipokuwa na shimo nilijaza mwenyewe. Mama aliigiza mwenye hoteli. Bibi alikuwa mteja, na sijawahi kuona mteja kama yule, nami nimesimama sokoni miaka mingi.

Mwenye hoteli akisema watoto wanalipa nusu, bibi alitaka kujua nusu ya nini, wakati mtoto anakula kumzidi yeye. Akiambiwa chumba kina vitanda viwili, alisema kwake kuna vitanda viwili na hajawahi kumtoza mtu. Alikataa hoteli moja kwa sababu ya ngazi. Nyingine aliikataa kwa kuwa pichani hakukuwa na mtoto hata mmoja, ni Wazungu wawili tu wakinyonya mrija kwenye dafu. Nilihesabu watu wa picha ile, nikahesabu tena. Kweli, ni wawili. "Watoto wao wako wapi?" akauliza. "Wamefungiwa. Hapo siwapeleki wajukuu zangu."

Kisha akaleta lile la bwawa. Bahari, alisema, inachezacheza, na mguu wake hawezi kuukabidhi kwa kitu kinachochezacheza. Mabwawa ya nje nayo hayana adabu: kila mpita njia akuone miguu, na upepo uingie mfupani. Yeye anataka bwawa lenye paa, kuta na mlango. Mama, kwa ile sauti yake ya mwenye hoteli, akauliza mtu anafikaje baharini akaoge chumbani.

"Bahari nitaitazama," bibi akasema. "Kuoga ni mambo yangu mimi."

Mama hakuamini bahati yake. Hoteli za pwani wakati ule zilikuwa na kila kitu ila hicho. Joto lile la huko, nani alihangaika kuezeka bwawa? Tukapitia rundo zima, jioni baada ya jioni, hakuna. Mwezi wa sita ukaisha. Mwezi wa saba ukaingia, kahawa ikaanza kuwa nyekundu huko juu. Bibi bado alifunga kifurushi kila asubuhi, lakini akawa anakifungua mapema zaidi. Alianza kukaa dukani na mama, akiwatazama wateja mikono. Alimfundisha kunyamaza baada ya kutaja bei, kwa sababu anayeongea kwanza ndiye anayepunguza. Mama alimsuka nywele barazani mchana. Ukiwasikiliza kutoka uani ungedhani wanagombana; walikuwa wakijadili chumvi.

Jirani alikuwa porini na wageni karibu msimu wote. Alijua tu kwamba tunatafuta bwawa lenye paa. Yale makubaliano mengine hakuna aliyemwambia.

Aliporudi, ilikuwa mwezi wa nane, na hogo lilikuwa bado mguuni. Daktari alikuwa ametaka bibi asubiri kidogo tena. Jirani aliingia bila hodi, akampa bibi shikamoo yake, hakungoja hata marahaba iishe. Akaweka kipeperushi kipya mezani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Hoteli ya pwani, upande wa Kenya. Mama akamkonyeza. Yeye akamuuliza mama jicho limeingiwa na nini.

Akasoma mwenyewe, kwa sauti, tena Kiingereza chake cha kazini hakikuwa na mashimo. Bwawa la ndani. Paa zima. Kuta za kioo zenye mapazia. Maji ya uvuguvugu. Picha ilikuwa na watoto tele, wana maboya mikononi, na bibi mmoja wa Kizungu ameketi ukingoni, ameloweka miguu.

Bibi akauliza kama kuna ngazi. Hakuna, vyumba vya chini. Pa kushikia unapoingia majini? Bomba la chuma, hili hapa. Na mtu akija na chakula chake? Jirani akasema wapishi wa kule anawafahamu, watapasha. Kila swali lilipata ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa ya kweli. Nilitafuta kasoro nikakosa. Mama alikuwa ameacha kuwa mwenye hoteli. Alikuwa ameshika koleo la mkaa tu. Kifurushi cha kanga kilikuwa pale mlangoni mwa chumba.

Bibi akavuta chemli karibu. Akaiinamisha picha huku, akaiinamisha kule.

"Hapa juu," akasema, "panavuja."

Jirani akainama. "Wapi, Bibi? Hiyo ni karatasi, inang'aa."

"Panavuja. Nimelala chini ya mapaa tangu sijaolewa, nalijua paa linalovuja."

Akampa mama ile picha. Mama akaitazama. Mimi nilikuwa begani kwake, na macho yangu yalikuwa mapya: paa lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Kweli, Mama," akasema taratibu. "Naona na doa."

"Basi tuendelee kutafuta."

Hawakutazamana. Mama aligeuza ndizi ambayo upande ule ilikuwa imeshaungua, bibi akaomba chai iongezwe tangawizi, na jirani akaenda kwake akilalamika kwamba watu wa Meru hawapendezwi na kitu. Tulitafuta hoteli mpaka mwezi wa kumi.

Hogo likatolewa, daktari akaruhusu, tukampandisha. Alipanda mteremko ule kwa miguu yake, na fimbo, akikataa kushikwa, mama nyuma yake ametanua mikono kama anayefukuzia kuku bandani. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa Nkoaranga kama kawaida, tukila ndizi na nyama kwenye moshi, na hakuna aliyeuliza habari za bahari.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mguu umenyooka. Hakushuka tena kukaa. Alituma ndizi, maparachichi, salamu ndefu. Tukimwalika aje mwenyewe, alisema kahawa imechanua, au kuna mbuzi anayekaribia kuzaa. Kila masika mama alitoa juani lile godoro alilolalia bibi, akalirudisha ndani.

Tulipokwenda kumzika, yule shemeji yake alitusimulia mambo ya bibi, kama wazee wanavyofanya msibani. Akafika kwenye mwaka wa mguu. Nikamuuliza alimalizana vipi na wale wenye mizani ya kahawa.

"Mimi niliuza vizuri tu," akasema, ameudhika kidogo. "Mwenyewe aliniagiza kwa mama mmoja aliyekuwa akishusha maziwa mjini, hata wiki haijaisha tangu ashuke. Alisema: chuma, uza, usinisubiri. Mimi nipo kwa mke wa mwanangu."

Nikahesabu nyuma. Nikahesabu tena. Hata wiki haijaisha. Vipeperushi vilikuwa bado chini ya kochi, bahari ilikuwa bado haijatajwa ndani ya nyumba yetu.

Mama alikuwa kwenye duara la wanawake, akimenya ndizi. Alisikia. Kisu kikasimama. "Mama huyu," akasema, basi, kisha akaendelea kumenya, akinenepesha maganda mpaka shangazi akamnyang'anya kisu. Sasa mama naye amezikwa palepale, hatua chache kutoka kwa mkwewe, kwenye migomba.

Huwa napanda kuwaona. Ule mteremko umechongwa, kona kali zimemwagwa zege, na gari dogo linafika mpaka barazani. Watu wanashukuru, wagonjwa hawabebwi tena mabegani, nami nachangia matengenezo nikidaiwa. Ila nikiwa kwenye gari, dakika chache tu nimefika juu, huwa napiga hesabu fulani ambayo haijawahi kutoka sawa. Leo bibi angefungwa hogo asubuhi, na jioni angekuwa kitandani kwake. Tungempelekea chai kwenye chupa Jumapili, tukakaa nusu saa, tukageuza gari. Mguu ungepona vilevile, na mkaa wa jioni zile tungeuokoa wote.