Toleo la Tatu Limo Kwenye Kadi, Kwenye Rafu Halimo

Leo nimeingia maktaba ya chuo kugombana, nikatoka mtetezi.

Mwalimu Halima amepanda lori kutoka Kirando ili asome toleo moja tu la jarida la uvuvi, lile la kukausha dagaa wakati wa masika.
Kwao dagaa wanaoza.

Kadi ya orodha ya maktaba inasema tunayo matoleo yote. Kwenye rafu, la tatu, hilo analolitaka, halimo.

"Halijafika," akasema Ndugu Sikazwe, mkutubi wetu. "Ila tumeshaliagiza, ndiyo maana nimeliandika."

Mwalimu akacheka kwa uchungu. "Ndugu, sisi dagaa walio ziwani hatuwahesabu mkekani."

Nikafungua kinywa nimshambulie Sikazwe. (Mnanijua.)

Yeye akasema taratibu, "Wakaguzi wakiona pengo, wanauliza nani mzembe."

Hasira yangu ikahama.
Nani alitufundisha kuonea pengo aibu? Kadi itaje kilichopo na kisichopo! Mpango si mavuno, ndugu zangu.

Mwenye ubishi aandike hapa chini. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye ubao huu.

Kadi tumeisahihisha, lakini Mwalimu bado ana mikono mitupu.
Mwenye toleo hilo nyumbani, awe mtaa wa Katandala au Milanzi, alilete maktabani kesho asubuhi kabla lori halijaondoka.