Swali la Zuhura Jukwaani Thika

Nilitoka Mwiki Jumamosi kwa sababu Zuhura, mtoto wa marehemu dada yangu, aliniomba. Alikuwa anacheza peke yake jukwaani Thika, na kati yake na msichana mwingine, mmoja angechaguliwa kwenda kwenye tamasha Kairo. "Anko, nikiona uso ninaoujua sitaogopa," alisema. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo mambo ya tamthilia nayaandika kama nilivyoelezwa.

Saa nne asubuhi tulikuwa Ruiru, tukingoja gari la pili. Midomo ya Zuhura ilikuwa inacheza bila sauti. Mama wa ndizi akaniuliza, "Huyo msichana ako sawa?"

"Anajikumbusha maneno ya mchezo."

"Haya. Lakini mnunulie ndizi."

Nikamnunulia. Hakuila.

Saa sita tulifika Thika, kwenye ukumbi wa shule nyuma ya soko. Ustadh Idrisa, Msudani anayewafundisha kuigiza, alinipa chai. Nikamwuliza kama waigizaji wengine wamekosekana. Akacheka. Akasema siku hizi kwa Waarabu michezo ya mtu mmoja ni mingi: husafiri kwa urahisi, kiti kimoja kinatosha, na tena kuna maneno ambayo mtu hathubutu kumwambia jirani.

"Akiongea na mtu asiyekuwepo, hilo ni jambo moja," alisema. "Akiongea na nafsi yake ni lingine. Hapo ukumbi wote unasikia, lakini yeye yuko peke yake."

Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Saa nane mchezo ulianza. Yule msichana mwingine alicheza vizuri, lazima niseme hivyo. Kisha Zuhura akatoka, akiwa mwanamke anayekunja shati la mumewe aliyechukuliwa na askari. Kwanza aliongea na lile shati. Halafu akaliweka kando, sauti ikashuka.

"Alikuja akikimbia. Mlango ukafungwa mbele yake. Ni upepo, au ni mkono wangu?"

Akanyamaza. Kwetu mtu akiuliza mbele ya watu anajibiwa, iwe mkutanoni au matangani. Kumwacha hivyo ni kumdharau. Na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Nikasimama.

"Ni upepo, Zuhura."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mzee nyuma yangu hata akaongeza, "Kweli, ni upepo." Zuhura akanitazama. Alimaliza mchezo, lakini mbio mbio, na kuna maneno aliyaruka.

Saa kumi Ustadh alimtaja yule mwingine. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Yeye hakusema, nami sitamsingizia. Aliniambia tu, polepole, "Mzee, jibu analo. Ndiyo maana anauliza."

Jioni tulirudi Mwiki, tukatembea kutoka stendi. Karibu na kwao Zuhura akasema, "Anko, ni wewe umeniharibia, ama ningeshindwa tu?"

Nikakumbuka maneno ya Ustadh. Nikanyamaza, nikidhani hatimaye nimejifunza. Tukafika getini, akasimama, mkono kwenye komeo.

"Hiyo nilikuwa nakuuliza wewe," akasema, akaingia.

Kwa hivyo kuna swali la kuachwa na kuna swali la kujibiwa, na mimi kwa siku moja nimeyakosea yote mawili. Hilo la pili nalijibu hapa, ingawa limechelewa.

Ni mimi, Zuhura.